Namna ya Kutumia Majivu ya Kuni Kurekebisha Udongo wa Bustani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Katika bustani nyingi za nyumbani kosa linalorudiwa ni lile lile. Majivu hutolewa jikoni kila asubuhi na kumwagwa kwenye tuta lililo karibu na mlango, siku baada ya siku, kwa imani kwamba ni mbolea isiyo na gharama. Baada ya miezi michache mchicha wa tuta hilo unadumaa na majani yake machanga yanageuka njano, ilhali matuta ya mbali ambayo hayajawahi kuguswa na majivu yanaendelea vizuri. Mwenye bustani hudhani kwamba mimea ina njaa, kwa hiyo huongeza majivu.

Ili kuepuka kosa hilo, jambo moja linapaswa kueleweka tangu mwanzo: majivu ya kuni ni chokaa kwanza, na ni mbolea baadaye, tena mbolea isiyo kamili. Kuni zinapoungua, naitrojeni karibu yote hupotea hewani pamoja na moshi. Kinachobaki ni kalsiamu kwa wingi, potasiamu kiasi, na magnesiamu na fosforasi kidogo. Mchanganyiko huo una alikali kali, yaani kinyume cha tindikali, kwa kawaida kati ya pH 10 na 12 (pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali na juu yake ni alikali), na ndiyo sababu huweza kuponya udongo wenye tindikali na vilevile kuharibu udongo usio na tatizo hilo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya bustani ya mboga iliyo katika maeneo ya mvua nyingi na udongo mwekundu, kama Njombe, Lushoto, Kagera, Kisii na Kakamega, ambako mvua ya miaka mingi imesafisha kalsiamu na kuacha udongo mchachu. Msomaji wa ukanda mwingine asome Hatua ya 1 kabla ya kufanya jambo lolote, kwa sababu huenda ikamwambia aishie hapo.

Vifaa vya kuandaa

- Majivu makavu ya kuni au ya mkaa wa miti.
- Ndoo au debe la bati lenye mfuniko, la kupozea majivu.
- Chekeche la waya.
- Mizani ndogo ya jikoni. Kama huna, utahitaji kupima mara moja tu kwenye mizani ya dukani.
- Kopo moja litakalokuwa kipimo chako cha kudumu.
- Futi kamba, au kamba uliyoifunga fundo kila baada ya mita moja.
- Jembe, reki na chombo cha kumwagilia chenye matundu.
- Glavu, barakoa na miwani ya kukinga macho.
- Karatasi za kupimia pH, au majibu ya maabara ya udongo.
- Daftari.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba udongo wako unahitaji majivu

Mboga nyingi hustawi udongo unapokuwa kati ya pH 6.0 na 6.8. Udongo ukishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyofungika ndani yake huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi hukamatwa kiasi kwamba mmea hauipati hata ukiiongeza kwa mbolea ya dukani. Kumbuka pia kwamba namba hizi haziendi kama hatua za kawaida: udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi zaidi ya udongo wa pH 6.

Njia ya uhakika ni maabara. Kwa Tanzania, kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hushughulika na upimaji wa udongo. Kwa Kenya, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, hufanya kazi hiyo Kabete. Chukua udongo kutoka sehemu kumi hadi kumi na tano za bustani, kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye ndani ya ndoo safi, kisha utoe nusu kilo na kuianika kivulini. Usichukue udongo wa mahali ulipokuwa ukimwaga majivu au kurundika samadi, kwa sababu majibu yake hayatawakilisha bustani nzima.

Kama maabara iko mbali, tumia karatasi za pH. Changanya kikombe kimoja cha udongo na vikombe viwili vya maji safi ya mvua, koroga, acha yatulie kwa nusu saa, kisha uchovye karatasi katika maji ya juu yaliyotulia. Maji ya bomba au ya kisima yanaweza kuwa na chokaa yenyewe na kukupa jibu la uongo. Kipimo hiki hakina usahihi wa maabara, lakini kinatosha kukuonyesha kama uko upande wa tindikali au la.

Kuna pia kipimo cha kukutahadharisha. Dondoshea siki juu ya udongo mkavu: ukitoa mapovu, udongo huo tayari una chokaa ya kutosha na hauhitaji majivu hata chembe. Jambo hili ni la kawaida katika maeneo ya pwani yenye udongo uliotokana na mawe ya matumbawe. Vilevile, katika maeneo makavu ambako chumvi nyeupe huonekana juu ya ardhi wakati wa kiangazi, kuongeza majivu ni kuongeza chumvi juu ya chumvi.

*Dalili ya kufaulu:* umepata pH iliyo chini ya 6.0. Ikiwa ni kati ya 6.0 na 6.5, tumia nusu ya kiasi kitakachotajwa hapa chini. Ikiwa ni zaidi ya 6.5, funga mfuniko wa ndoo na utumie mboji peke yake.

Hatua ya 2: Chagua majivu safi

Chukua majivu ya kuni za kawaida au ya mkaa wa miti. Majivu ya miti migumu kwa kawaida huwa na potasiamu nyingi kuliko ya miti laini kama msindano, lakini yote yanafaa. Majivu ya maganda ya ndizi na ya mabua ya maharage yana potasiamu nyingi zaidi. Ndiyo maana kwa muda mrefu watu wa magharibi mwa Kenya wameyachuja kwa maji na kutumia maji hayo kulainishia mboga za kienyeji. Yatumie kwa kiasi kidogo kuliko ya kuni.

Majivu ya pumba za mpunga ni jambo jingine kabisa, kwani sehemu kubwa yake ni silika na uwezo wake wa kupunguza tindikali ni mdogo sana. Hayadhuru, lakini usitegemee yafanye kazi ya chokaa.

Onyo: usitumie kamwe majivu ya jalala, ya plastiki, ya mbao zilizopakwa rangi, ya nguzo au mbao zilizotiwa dawa, wala ya makaa ya mawe. Moto huondoa mbao, lakini hauondoi arseniki, risasi na metali nyingine zilizokuwa ndani yake. Hizo hubaki zimekolea kwenye majivu, na kutoka hapo huingia kwenye udongo unaootesha mboga za watoto wako. Katika nyumba ambayo takataka huchomwa kwenye jiko lile lile la kupikia, majivu ya jiko hilo hayafai mpaka desturi hiyo ikome.

Hatua ya 3: Yapoze, yachekeche na uyahifadhi pakavu

Kaa dogo lililofunikwa na majivu linaweza kubaki na moto kwa siku kadhaa bila kuonekana. Weka majivu kwenye debe la bati lenye mfuniko, juu ya ardhi tupu na mbali na ukuta wa mbao au makuti, kwa muda usiopungua siku nne. Usitumie mfuko wa plastiki wala kiroba katika hatua hii.

Yakishapoa, yachekeche ili vipande vya mkaa na misumari vibaki juu. Vipande vidogo vya mkaa havina madhara katika udongo, lakini hukupotosha unapopima. Fanya kazi hii ukiwa umeupa upepo mgongo, na uvae glavu, barakoa na miwani. Vumbi la majivu likikutana na unyevunyevu wa macho au wa koo huwa alikali inayochoma. Likiingia machoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi.

Hifadhi majivu mahali pasipofikiwa na mvua. Potasiamu iliyomo huyeyuka haraka, na ule utelezi unaousikia vidoleni unapogusa maji ya majivu ndio ushahidi wake. Majivu yaliyonyeshewa msimu mzima hayajaharibika kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya chokaa hubaki, ila potasiamu imekwenda na maji.

*Dalili ya kufaulu:* unga laini wa kijivu, mkavu, unaopita kati ya vidole bila kushikana.

Hatua ya 4: Pima tuta, kisha pima majivu

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo sitaiharakisha.

Kiasi salama kwa udongo wenye tindikali ni gramu 70 za majivu kwa kila mita moja ya mraba, mara moja kwa mwaka. Kwa udongo mzito wa mfinyanzi ambao maabara imeonyesha kuwa una pH chini ya 5.5, unaweza kufika gramu 100. Kwa udongo wa kichanga, shuka hadi gramu 35, kwa sababu kichanga hakina uwezo wa kuhimili mabadiliko na pH yake hupanda ghafla.

Tuseme tuta lako lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5. Eneo lake ni mita za mraba 6. Zidisha mara 70, upate gramu 420, yaani chini ya nusu kilo kwa tuta zima. Bustani ya mita 10 kwa 10 itahitaji kilo 7 tu kwa mwaka mzima. Mtu anayemwaga ndoo moja kwenye tuta moja amekwisha kutumia kiasi cha miaka mingi kwa asubuhi moja.

Sasa tazama upande wa jikoni. Kilo 100 za kuni hutoa, kwa wastani, kati ya nusu kilo na kilo 2 za majivu. Nyumba inayotumia kilo 5 za kuni kwa siku hupata takribani kilo moja na nusu kwa mwezi, kiasi kinachotosha matuta matatu ya ukubwa huo. Kwa hiyo katika miezi michache bustani ndogo itakuwa imeshiba, na majivu yanayofuata yatahitaji kwenda kwingine: kwenye migomba, shambani, au kwa jirani mwenye udongo mchachu.

Usipime kwa kukisia viganja. Uzito wa majivu hutofautiana sana kulingana na aina ya kuni na jinsi yalivyoshindiliwa. Kopo la nusu lita linaweza kubeba gramu 200 au hata 300. Jaza kopo lako bila kushindilia, lipeleke kwenye mizani mara moja, uondoe uzito wa kopo lenyewe, kisha uandike jibu kwenye daftari na ubavuni mwa kopo kwa rangi isiyofutika. Tangu hapo utakuwa na kipimo chako.

Ukiwa na mwongozo wa maabara unaotaja chokaa ya kilimo, kumbuka kwamba majivu yana takribani nusu ya nguvu yake, ingawa hufanya kazi haraka zaidi kwa sababu ya ulaini wake.

Hatua ya 5: Nyunyiza na uchanganye

Chagua siku isiyo na upepo, udongo ukiwa na unyevunyevu kidogo na tuta likiwa tupu. Gawa majivu uliyopima katika mafungu mawili yaliyo sawa. Nyunyiza fungu la kwanza ukitembea kwa urefu wa tuta, na la pili ukikatiza kwa upana. Mgawanyo huu ni wa lazima, kwa kuwa fungu likirundikana mahali pamoja hutengeneza kidonge cha alikali ambacho mzizi ukikifikia huungua, hata kama kiasi cha tuta zima ni sahihi.

Kisha chimbua na uchanganye kwa jembe hadi kina cha sentimita 15, usawazishe kwa reki. Majivu yanayoachwa juu hugandamana mvua inapoyapiga, yakafanya utando unaozuia maji kupenya na kusumbua mbegu zinazochipua.

Ninakusihi uache theluthi moja ya tuta bila majivu mwaka wa kwanza, ukiweka kijiti mpakani. Sehemu hiyo ndiyo shahidi wako. Bila hiyo hutajua kama mavuno mazuri yametokana na majivu, na mvua, au na mbegu bora.

*Dalili ya kufaulu:* baada ya kunyunyizia, tuta linaonekana kama meza iliyomwagikiwa unga mwembamba, na rangi ya udongo bado inaonekana kupitia unga huo. Baada ya kuchanganya, hakuna doa la kijivu linalobaki.

Hatua ya 6: Mwagilia na usubiri wiki tatu hadi nne

Mwagilia maji ya kutosha kulowesha kina chote ulichochimbua, kwa sababu bila maji majivu hayaanzi kazi ya kuondoa tindikali. Endelea kuweka unyevunyevu kwa wiki tatu hadi nne kabla ya kupanda. Kwa anayetegemea mvua, maana yake ni kwamba kazi ianze mwezi mmoja hivi kabla ya msimu wa kupanda, au mara tu mvua za kwanza zinapolowesha ardhi.

Kusubiri kuna sababu. Katika siku za mwanzo chumvi zinazoyeyuka kutoka kwenye majivu huwa nyingi mno kwa mbegu na miche, nazo hukausha mizizi michanga ingawa udongo umelowa. Kwa sababu hiyo hiyo, desturi ya kuweka kiganja cha majivu ndani ya shimo la kupandia mche wa nyanya au sukuma wiki siku ile ile ni hatari, na mimi sishauri hata kwa kiasi kidogo. Majivu yasiwekwe pia kwenye kitalu.

*Dalili ya kufaulu:* magugu machache yameanza kuota sawasawa juu ya tuta, hakuna ukoko mweupe, na karatasi ya pH inaonyesha kupanda kidogo kutoka kipimo cha kwanza. Usitarajie pH iruke kutoka 5.0 hadi 6.5 kwa msimu mmoja. Safari hiyo inafanywa kwa miaka miwili au mitatu.

Hatua ya 7: Panda mimea inayofaa, na utenge majivu na mbolea nyingine

Kabichi, sukuma wiki, vitunguu, karoti na maharage hufaidika waziwazi na udongo uliopunguzwa tindikali. Migomba hupenda potasiamu, na unaweza kuinyunyizia majivu kuzunguka shina kwa umbali wa nusu mita, bila kuyarundika kwenye shina lenyewe.

Usitumie majivu kwenye tuta utakalopanda viazi mviringo msimu huo, kwa kuwa pH inapopanda huongezeka ugonjwa unaoifanya ngozi ya kiazi iwe na magaga. Chai na mananasi hupenda uchachu, kwa hiyo yaache na udongo wao.

Onyo kubwa: usichanganye kamwe majivu na mbolea za dukani zenye naitrojeni kama Urea, SA, DAP na CAN, wala samadi mbichi, iwe ndani ya ndoo au kwenye shimo moja. Alikali ya majivu huigeuza naitrojeni ya mbolea hizo kuwa gesi ya amonia, nayo huruka hewani. Ile harufu kali inayochoma pua, ambayo watu wengine huitafsiri kuwa ni nguvu ya mchanganyiko, ni fedha yako inayopotea. Fosforasi ya DAP nayo hufungwa na kalsiamu nyingi inayokutana nayo mahali pamoja. Acha angalau wiki tatu kati ya majivu na mbolea za namna hiyo, na daima uanze na majivu.

Kwa kuwa majivu hayana naitrojeni, tuta lililotiwa majivu peke yake litabaki na njaa. Wiki ya kupanda, weka mboji iliyoiva vizuri, ndoo moja ya lita 10 kwa kila mita mbili za mraba. Ukitaka kutia majivu kwenye rundo la mboji lenyewe, nyunyiza utando mwembamba tu kati ya matabaka, na uepuke tabaka lenye samadi mbichi au mkojo wa mifugo.

Hatua ya 8: Fuatilia mizizi kabla ya kufurahia majani

Wiki ya sita baada ya kupanda, ng'oa mmea mmoja kutoka sehemu yenye majivu na mmoja kutoka ile theluthi uliyoiacha. Mizizi iliyoteswa na tindikali huwa mifupi, minene na yenye rangi ya kahawia; iliyopona huwa mirefu, myeupe na yenye matawi mengi membamba. Kwa maharage, pasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Vikiwa na rangi ya waridi ndani, vinafanya kazi ya kunasa naitrojeni.

Andika tarehe, kiasi, zao na ulichokiona. Rudia kupima pH kila mwaka kabla ya kuongeza majivu, na ikifika 6.5, simama hata kama debe limejaa.

Ikiwa tayari umezidisha

Dalili za majivu kupita kiasi huanza kwenye majani machanga: yanakuwa njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa sababu madini ya chuma na zinki yamefungika katika alikali. Ncha za majani ya zamani huweza pia kukauka. Upungufu wa naitrojeni, kinyume chake, huanza na majani ya chini yaliyozeeka, na yote huwa njano pamoja na mishipa. Tazama vizuri kabla ya kuamua, kwani tiba ya moja haitibu nyingine.

Kama majivu bado yanaonekana juu, yakwangue pamoja na sentimita chache za udongo na uyatawanye eneo kubwa la shamba lenye uchachu. Kisha changanya mboji kwa wingi, weka matandazo ya majani makavu, mwagilia kwa kina ili chumvi zishuke, na usiweke majivu hapo kwa miaka miwili au zaidi. Katika muda huo panda mahindi au maboga badala ya mboga laini za majani, upime pH kila baada ya msimu, na urudishe mchicha itakaposhuka chini ya 7.